Mwekezaji, hesabu maji kabla ya kuhesabu magunia

Kila wiki ukurasa huu huwaletea wasomaji bei za mahindi, mchele, maharage, viazi na vitunguu katika masoko yetu makubwa, pamoja na maelezo ya kwa nini bei imepanda au imeshuka. Wiki hii naomba niliweke kando jedwali hilo kwa muda, nizungumzie namba moja ambayo haimo ndani yake. Namba hiyo ni milimita za maji ambazo nyasi hupoteza kwa siku.

Najua msomaji ataguna. Mfanyabiashara wa Ilala au Mabibo ana haja gani na nyasi? Anataka kujua gunia linauzwaje na lori linafika lini. Hata mimi, niliyesomea biashara na si kilimo, nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka nyasi hizo ziliponitia hasara.

Mimi na wenzangu watatu, wote tukiwa waajiriwa wa mishahara ya kawaida, tulichanga fedha tukakodi ekari 5 za kulima vitunguu katika bonde la Ruaha Mbuyuni, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa. Aliyepita njia hiyo anaijua sehemu hiyo kwa mibuyu, joto na vitunguu vinavyopangwa kando ya lami. Hesabu zetu zilikuwa nzuri machoni. Tuliweka mbegu, mbolea, dawa, vibarua, mlinzi, magunia na usafiri. Bei tuliikadiria kwa tahadhari, chini ya ile ya msimu uliotangulia. Kwa upande wa maji tuliandika mstari mmoja tu: mafuta ya pampu, saa 3 kwa siku.

Hizo saa 3 tulizipata wapi? Tulizipata kwa jirani, mzee mmoja mkulima mzoefu ambaye Juni, vitunguu vyake vikiwa bado vichanga, alikuwa akiendesha pampu ya inchi tatu kwa wastani wa saa 3 kwa siku katika eneo linalolingana na letu. Hakutudanganya. Tatizo ni kwamba sisi tulihamisha miche mwishoni mwa Agosti, na vitunguu vyetu vikafikia umri wa kujaza wakati wa Oktoba. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi huo fedha ya mafuta ilikuwa imekwisha, udongo umepasuka na majani yameanza kukauka ncha. Tulikopa, tukapunguza maji, tukavuna vitunguu vidogo. Mnunuzi alipofika shambani alivitazama mara moja, akataja bei ya chini, na juu ya hilo akataka gunia la lumbesa. Hatukuwa na ubavu wa kubishana naye.

Nilipomlalamikia mzee jirani alinijibu kwa upole: "Mwanangu, mimi niliwaambia nilivyotumia mimi. Sikuwaambia mtakavyotumia ninyi."

Jibu hilo ndilo lililonipeleka kutafuta elimu ambayo ningepaswa kuitafuta kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Kwa nini nyasi?

Maji hutoka shambani kwa njia mbili zinazohesabika pamoja. Kuna yanayokauka kutoka kwenye udongo wenyewe, na kuna yanayovutwa na mizizi kisha kutoka kama mvuke kupitia majani. Kasi yake hutegemea hali ya hewa kwa mambo manne: jua, joto, ukavu wa hewa na upepo. Mwaka 1948 mwanasayansi wa Uingereza, Howard Penman, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Rothamsted, alitoa kanuni ya kukadiria upotevu huo kwa kutumia vipimo vya kawaida vya kituo cha hali ya hewa. John Monteith akaiendeleza kanuni hiyo mwaka 1965. Mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likachapisha mwongozo wake namba 56, na tangu hapo kanuni ya Penman na Monteith ndiyo kipimo kinachotumika duniani kote.

Lakini mazao ni mengi na kila moja lina kiu yake. Ndipo wataalamu wakachagua kitu kimoja cha kulinganishia: nyasi fupi kama ukoka, zenye urefu wa sentimita 12, zilizofunika ardhi yote, zenye afya na zisizokosa maji. Kanuni hukadiria nyasi hizo zingepoteza milimita ngapi kwa siku katika hali ya hewa ya mahali fulani. Mazao mengine yote hupimwa kwa kuzilinganisha nazo.

Mfanyabiashara ataelewa haraka kama nitasema kwamba nyasi hizi ni jiwe la mizani. Hakuna anayelinunua wala kulila, bali bila jiwe ambalo pande zote mbili zinalikubali, hakuna anayejua gunia lina uzito gani.

Hesabu ambayo hatukuifanya

Kanuni kamili inadai vipimo vingi, lakini ipo nyingine nyepesi ya Hargreaves na Samani ya mwaka 1985, ambayo hudai joto la juu na la chini la siku, pamoja na nguvu ya jua inayosomwa kwenye jedwali kwa mwezi na latitudo ya mahali. Haina usahihi wa ile kubwa, hasa penye upepo mkali, lakini kwa mtu anayepanga bajeti inatosha kuanzia.

Tuchukue siku ya Juni bondeni, joto la juu nyuzi 28 na la chini nyuzi 16. Kwa latitudo ya sehemu ile kanuni inatoa karibu milimita 4. Sasa tuchukue siku ya Oktoba, joto la juu nyuzi 33 na la chini 19. Inatoa karibu milimita 5.8. Tayari jiwe la mizani limeongezeka kwa asilimia 45, na bado hatujagusa kitunguu.

Kitunguu kichanga hunywa kiasi cha asilimia 70 ya nyasi. Kikishafunga majani na kuanza kujaza hunywa asilimia 105. Nyanya zilizokomaa majani hufikia asilimia 115, mahindi na mpunga 120. Viwango hivi vimo katika mwongozo huo wa FAO, navyo huzidishwa kwa zile milimita za nyasi.

Kwa hiyo kitunguu kichanga cha mzee jirani Juni kilikuwa kinahitaji milimita 2.8 kwa siku. Kitunguu chetu cha Oktoba kilikuwa kinahitaji milimita 6.1. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni takriban lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Basi ekari moja ya mzee ilikuwa ikitaka lita 11,000 na ushei kwa siku, na ekari moja yetu karibu lita 25,000, ambazo ni zaidi ya mapipa 120. Zidisha kwa ekari 5.

Hayo ni maji yanayotakiwa kuufikia mmea. Katika mifereji na majaruba, sehemu kubwa hupotea njiani. Wataalamu hukadiria kwamba kwa njia hiyo asilimia 60 tu ya maji ndiyo yanayofanya kazi iliyokusudiwa. Kwa vinyunyizio ni asilimia 75, na kwa matone asilimia 90. Tukigawa kwa asilimia 60, mzee alihitaji kuvuta lita 94,000 hivi kwa siku, sisi zaidi ya lita 205,000.

Pampu yetu, kwa umbali na mwinuko tuliokuwa nao, ilitoa kama lita 30,000 kwa saa. Mzee: saa 3 na dakika chache. Sisi: karibu saa 7. Si lazima pampu iwashwe kila siku, mtu anaweza kumwagilia kila baada ya siku tatu au nne, lakini jumla ya saa haibadiliki.

Pampu ile ilikunywa lita moja na robo ya mafuta kwa saa. Tofauti kati ya bajeti yetu na mahitaji halisi ilikuwa lita 5 kwa siku. Kwa siku 40 za kujaza kitunguu hizo ni lita 200 ambazo hazikuandikwa popote. Msomaji aziwekee bei ya mafuta ya leo mahali alipo, kisha aongeze uchakavu wa pampu, vilainishi na posho ya mwendeshaji. Hiyo ndiyo hasara yetu, na ilikuwa inahesabika kwa kalamu na karatasi tukiwa bado mjini, kabla ya kupanda basi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, maji ndiyo hatukuyaandika humo.

Si kiu peke yake

Wapo watakaosema dawa ni kumwagilia maji mengi ili kuwa salama. Hapana. Aliyepanga saa 7 za Oktoba akaziendesha Juni kwa vitunguu vichanga, anachoma mafuta ya saa 4 kila siku bure. Isitoshe, maji ya ziada husukuma mbolea chini ya mizizi, yaani mfuko wa mbolea ulionunuliwa kwa fedha taslimu unazama ardhini. Na kitunguu kilichomwagiliwa kupita kiasi hadi karibu na kuvunwa hakikai ghalani. Mfanyabiashara anayehifadhi mzigo kusubiri bei ipande anajua maana ya kufungua gunia na kukuta limetoa maji.

Aidha, maji hayo si ya shamba moja. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na watafiti wamelihusisha jambo hilo kwa kiasi kikubwa na maji yanayochepushwa kwa ajili ya umwagiliaji katika bonde la Usangu. Mto huo huo hupita bwawa la Mtera, ukateremka Ruaha Mbuyuni, kisha ukaingia Kidatu kuzalisha umeme. Anayechota mara mbili ya anachohitaji anampunguzia mwenzake aliye chini, na ipo siku yeye mwenyewe atakuwa ndiye wa chini.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza ni kwamba wakulima wetu wamelima bila kanuni za Waingereza na wamevuna. Ni kweli, na siwadharau. Mkulima mzoefu akishika udongo mkononi anajua leo amwagilie au asubiri, na hakuna kanuni itakayomshinda kwa hilo. Lakini mwekezaji hayuko shambani. Yuko mjini mwezi Juni, anaulizwa atoe fedha kiasi gani kwa ajili ya Oktoba. Mkono wa mzee hauwezi kushika udongo wa Oktoba mwezi Juni. Hapo ndipo takwimu za hali ya hewa za miaka iliyopita zinapofanya kazi.

Hoja ya pili ni kwamba haya ni makadirio tu. Naam, kama ilivyo bei tunayoikadiria sote tunapoandika bajeti. Makadirio ya maji kwa kweli ni thabiti kuliko ya bei, kwa sababu jua la Oktoba halitofautiani sana mwaka hata mwaka, wakati bei ya kitunguu inaweza kuanguka kwa wiki moja malori yakifika mengi kwa pamoja. Ajabu ni kwamba tunahangaika kukisia kisichokisika, tukaacha kinachopimika.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: takwimu za kituo gani? Hapa lazima mtu awe mwangalifu. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ruaha Mbuyuni iko chini yake kwa karibu mita elfu moja. Anayechukua joto la Iringa kupanga shamba la bondeni atapata namba ndogo kuliko ukweli, na atarudia kosa letu kwa njia ya kitaalamu zaidi. Dawa yake si ghali. Kipimajoto cha kuonyesha joto la juu na la chini, kikiwekwa kivulini penye hewa, humpa mtu mahitaji ya kanuni nyepesi. Wenye uwezo zaidi huweka beseni la mvukizo, la chuma, lenye upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 25, wakapima kila asubuhi maji yamepungua kiasi gani. Beseni lililo wazi hupoteza zaidi ya nyasi, hivyo kwa kawaida kipimo chake huzidishwa kwa kiasi cha 0.7, kikipungua au kuongezeka kutegemea upepo na mazingira. Hali kadhalika FAO inatoa bila malipo programu ya CROPWAT na kumbukumbu za hali ya hewa za vituo vingi duniani, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzitumia.

Ushauri kwa mwenye fedha

Siku hizi mwekezaji mdogo anashawishiwa kila upande. Anaambiwa anunue ekari mahali fulani, wenye mradi watamlimia, yeye asubiri faida. Karatasi inaonyesha magunia kwa ekari, bei kwa gunia na picha ya pampu. Kuhusu maji kunaandikwa maneno mawili: maji yapo. Kampuni ikitaka kuuza hisa kwa umma hulazimika kutoa waraka wa matarajio wenye hesabu zilizokaguliwa. Kwa shamba hakuna anayelazimika, kwa hiyo mwenye fedha lazima ajilazimishe mwenyewe kuuliza.

Kwanza, aulize milimita za nyasi kwa kila mwezi wa msimu, na zimetokana na kituo gani, kilicho katika mwinuko gani. Pili, zao hilo litakuwa katika umri gani katika mwezi wenye milimita nyingi kuliko yote. Mara nyingi kusogeza upandaji kwa wiki chache hupunguza gharama kuliko kubadilisha pampu. Tatu, maji yatafikaje shambani na yangapi yatapotea. Kwa shamba letu, matone yangeshusha saa za pampu kutoka 7 hadi chini kidogo ya 5, na tofauti hiyo ndiyo ya kulinganisha na bei ya mipira. Nne, pampu inatoa lita ngapi kwa mwinuko wa pale pale, si zile zilizoandikwa kwenye boksi. Hili linahusu hata pampu za umeme wa jua zinazopigiwa debe sasa: pampu iliyochaguliwa kwa kiu ya Juni haitaongeza ukubwa ifikapo Oktoba. Tano, kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kinaruhusu kiasi gani, na je, kiasi hicho kinalingana na hesabu?

Mwenye mradi akishindwa kujibu maswali hayo, si lazima awe tapeli. Huenda ni kama sisi tulivyokuwa, watu wema wenye mstari mmoja wa maji. Fedha ya mwekezaji hupotea sawasawa katika hali zote mbili.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaotoa taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutupa utabiri wa mvua za msimu, na kila mtu huujadili. Mkulima wa umwagiliaji, ambaye kazi yake kubwa huwa wakati mvua haipo, anahitaji pia kuambiwa nyasi zimepoteza milimita ngapi wiki iliyopita katika kila kanda. Vipimo vinavyotakiwa ndivyo vile vile ambavyo vituo vikuu huchukua kila siku. Ni suala la kufanya hesabu na kuitangaza. Nasi wa kurasa za masoko tuko tayari kuitengea safu moja katika jedwali, kando ya bei ya gunia.

Wenzangu watatu na mimi tumekubaliana kurudi bondeni. Safari hii miche itahamishwa mapema, ekari zitakuwa 3 badala ya 5, na mstari wa maji umekuwa ukurasa mzima. Kipimajoto tumekitundika kwa mzee jirani, ambaye amekubali kutusomea joto kila asubuhi. Tulipompelekea hesabu zetu za saa za pampu, mwezi kwa mwezi, alizipitia kwa kidole, akanyamaza kidogo, kisha akaomba tumwachie nakala yake.